Mapigo Yanayogawanyika kwa Nne

Hamtaniamini, na sitawalaumu, maana hata mama yangu mzazi alipoisikia mara ya kwanza aliweka sufuria chini akaniuliza kama nimekula. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku moja nilimshika mkono mtu aliyeletwa mbele yangu kwa kazi moja tu, kazi ya kuwa mzima. Wenzangu ishirini na watatu walikuwa wameushika mkono huohuo asubuhi ile, na wote wakaandika kwamba ni mzima. Mimi, niliyekuwa nashika mkia darasani, niliyebakiwa na mtihani mmoja tu kabla ya kuoneshwa geti la chuo, nikasikia moyo wake ukisema vingine.

Nianzie palepale chumbani. Kitanda cha chuma. Pazia la kijani lililokatika ndoano tatu. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ile inayokupanda puani mpaka kwenye macho. Kwenye kona amekaa mtahini mgeni, tai imembana shingo, karatasi ya alama iko juu ya goti. Na mimi nimeinama, vidole vitatu chini ya kidole gumba cha mama mmoja, nahesabu.

Du. Du. Du-du. Kimya. Du. Dududu. Kimya kirefu mpaka nikakaribia kumwangalia usoni. Du.

Mmewahi kusikia mvua inapoanza juu ya bati, matone ya mwanzo, kabla hayajapatana? Basi hivyo.

Na kichwani mwangu sauti moja inaimba: sabini na sita, andika sabini na sita, upite, urudi nyumbani.

Ili mwelewe kwa nini namba moja ilinitoa jasho namna ile, lazima nirudi nyuma miezi mitatu, siku mwalimu aliponivua nguo mbele ya darasa zima. Si nguo za mwilini, jamani. Bora zingekuwa hizo.

Mwalimu wetu wa kumpima mgonjwa kuanzia unyweleni hadi kidole cha mguu tulimwita Bibi Dakika. Alikuwa mfupi, mkavu, saa yake imebanwa kwa pini kifuani, na hakuwa na salamu ndefu. Siku hiyo aliingia na daftari langu la wodi, lile tunaloandika vipimo vya wagonjwa tunapokuwa mazoezini. Akalifungua, akavaa miwani, akaanza kusoma kama mtu anayesoma majina ya washindi.

"Sabini na mbili. Themanini. Themanini na nne. Sabini na sita. Themanini na nane. Sabini na mbili." Akalifunga daftari. "Wagonjwa mia moja na arobaini kwa mwezi mmoja. Hakuna hata mmoja mwenye mapigo sabini na tatu. Hakuna themanini na moja. Darasa, mnaona nini?"

Hakuna aliyeona kitu. Mimi niliona, na masikio yakanichemka.

"Wagonjwa wa huyu kijana wote wanagawanyika kwa nne," akasema. "Wazee, watoto, wenye homa, wenye mimba. Mioyo yao yote imekwenda shule, imejifunza hesabu ya nne."

Darasa likacheka mpaka madawati yakasogea. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nahesabu sekunde kumi na tano, nazidisha mara nne, naandika, nahamia kitanda cha pili. Kila mtu anafanya hivyo, nilijitetea. Bibi Dakika akavua miwani.

"Ukihesabu robo ukazidisha, umempa mgonjwa robo moja ya kweli na robo tatu za uongo. Keti."

Akanifelisha mtihani wangu wa kwanza wa vitendo. Sheria ya chuo ilikuwa fupi kama kisu cha jikoni: ukifeli mtihani wa vitendo mara mbili, unafunga begi. Kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea, alifurahi kupita kiasi. "Usijali mdogo wangu, koleo lako nimeshaliandaa, nimekununulia na miwani ya giza." Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiipiga pasi sare yangu nyeupe kila Jumapili, mshono kwa mshono, kama anayetayarisha bwana harusi. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mwalimu ana ubaya gani na wewe?" Nikamjibu ana ubaya wote. Nilimchukia, nasema ukweli wangu. Nilimchukia kuanzia viatu vyake.

Kesho yake akanisubiri mlangoni. "Saa ya chakula cha mchana, kila siku, njoo mapokezi."

Nikaja. Kwa wiki tisa tulikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mimi na yeye, tukiomba mikono ya watu. Dakika nzima kila mkono. Mwanzoni ilikuwa adhabu. Hujui dakika ni ndefu kiasi gani mpaka uishi ndani yake bila kugusa simu. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni kama kifaranga, na mimi vidole viko kwenye mkono wa mzee wa watu. Bibi Dakika ananikata jicho tu. Sekunde ya ishirini unataka kuondoka. Ya thelathini unaanza kusikia. Ya arobaini na tano yule mtu uliyemshika anashusha mabega, anapumua, anakuambia jambo ambalo hakumwambia daktari.

"Umeona?" akaninong'oneza siku moja, baada ya bibi mmoja kututajia dawa alizokuwa anazimwaga kwenye ua. "Ni mara chache sana mtu mzima kushikwa mkono dakika nzima na mtu asiyetaka kitu kwake. Acha wakae. Watasema."

Mapigo yangu yakaanza kuwa na namba za ajabu. Sabini na tatu. Tisini na moja. Sitini na saba. Nyumbani mama alichoka kuwa mgonjwa wangu. "Leo mshike kaka yako," akasema, "mimi mkono umekwisha."

Sasa mama wa pili katika hadithi hii, mwenye mkono ule. Yeye tulimwita Mama Magonjwa, na mwenyewe alilipenda jina hilo kama cheo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona shuka, mapazia na magauni ya wagonjwa kwenye chumba cha cherehani nyuma ya dobi la hospitali. Lakini siku za mitihani anavaa gauni moja alilolishona mwenyewe, anapanda kitandani, anaumwa kwa niaba ya chuo. Miaka kumi na moja! Muhula huu ana kidole tumbo, ujao ana figo. Siku moja aliigiza pumu mpaka daktari aliyekuwa akipita njia akakimbilia mtungi wa oksijeni, naye Mama Magonjwa akakaa kitako akamwambia, "Pole baba, ni mtihani." Alikuwa na maneno. Ukimshika na mikono ya baridi anakuuliza kama umetoka kuuza samaki. Ukisahau kumfunika anasema, "Mwanangu, hata maiti hufunikwa."

Kulikuwa na sheria moja juu yake, imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila karatasi ya mtihani: mgonjwa wa kuigiza hasemeshwi nje ya maelezo aliyopewa. Unamwuliza kama mgonjwa wa karatasini, anakujibu kama mgonjwa wa karatasini. Ukimsemesha kama yeye mwenyewe, kituo chako sifuri. Waliiweka baada ya wanafunzi fulani wa zamani kumbembeleza awape majibu.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa ishirini na wanne, tumepangwa kwenye ukumbi kama chupa za soda. Mimi wa mwisho, kwa sababu orodha ilifuata alama. Simu ziliruhusiwa mpaka mlangoni, pale unaiweka kwenye boksi. Ukimaliza vituo vyote unatokea mlango wa nyuma, unachukua yako, unakwenda zako. Kwa hiyo wa kwanza kutoka walikuwa nje na simu, na wa mwisho tulikuwa ndani na simu. Mnaona kosa lilipo? Kiongozi wa darasa letu aliliona. Huyu tulimwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake haikai. Alikuwa wa nne kuingia. Dakika tano baada ya kutoka, simu zetu zikatetemeka kwa pamoja, ukumbi mzima ukainama kama unaomba dua.

"KITUO CHA TATU: Mama Magonjwa leo MZIMA. Kaja kupimwa aanze kazi. Mapigo 76, pumzi 18, presha ya kawaida. Wote tumeandika hivyo, mtahini anaweka vyema bila kusita. Msipoteze muda, pitieni juujuu, mkimbilie kituo cha nne ndiyo balaa."

Niliisoma. Nisijifanye malaika hapa. Niliisoma mara tatu, nikamtumia Redio kidole gumba. Kituo kimoja tayari kiko mfukoni.

Ndipo nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kupimwa, Jumatatu naanza kazi mpya. Sina tatizo lolote." Alisema kwa sauti ya karatasini, halafu akanikonyeza. Alinijua; alikuwa amenishonea vifungo vya sare mara mbili.

Nikanawa mikono, nikaipasha kwa kuisugua, nikavuta pazia mpaka lilipogomea. Nikaanza kumtazama kwanza, kama tulivyofundishwa, macho kabla ya mikono. Alikuwa amekaa sawasawa, lakini rangi ya midomo ilikuwa imechuja kidogo. Nikajiambia, mwanga wa dirisha huo. Nikamshika mkono wa kushoto. Karatasi ilikuwa kando ya kitanda, kalamu mkononi mwangu wa kulia, na kwa sababu jibu nilikuwa nalo, sikuona sababu ya kungoja. Vidole viko kwenye mkono, nikaanza kuandika.

Nikaandika saba.

Kabla sijaandika sita, moyo wake ukasimama. Au hivyo ndivyo vidole vyangu vilivyoniambia. Kimya. Nikangoja. Kimya bado. Kisha yakaja matatu mbiombio, kama watu wanaogombania mlango, halafu moja dhaifu, halafu kimya tena.

Kalamu ikabaki hewani. Nikaitazama saa, nikaanza upya, dakika nzima. Themanini na tatu. Lakini namba haikuwa ndiyo shida. Shida ni kwamba mapigo hayakuwa na mpangilio hata kidogo. Si kuruka pigo moja baada ya matano, ambako ukikaa nako unakuzoea. Hapana. Ovyo kabisa. Nikachukua stetoskopu, nikaomba ruhusa, nikaiweka chini ya titi la kushoto. Dakika nzima nyingine. Mia moja na kumi na saba.

Mia moja na kumi na saba kifuani. Themanini na tatu mkononi.

Sasa fikiri pamoja nami, maana mimi nilifikiri kwa kasi. Moyo unapiga mara mia na zaidi, lakini mapigo mengine hayafiki mkononi. Yanapiga yakiwa matupu, kama ndoo inayoteremshwa kisimani ikarudi bila maji. Moyo unaopiga namna hiyo haumalizi damu yake. Damu inabaki kwenye pembe za moyo, na damu inayokaa huganda. Kipande kikichomoka, kinakwenda wapi? Kinapanda juu. Kichwani.

Au, sauti nyingine ikasema, wewe ndiye hujui kuhesabu. Wewe wa mwisho. Wenzako ishirini na watatu wote hawana vidole?

"Zimebaki dakika sita," mtahini akasema.

"Kwani kuna nini, nesi?" Mama Magonjwa akauliza, bado yuko kwenye sauti ya karatasini, akinikonyeza tena kwa nguvu: andika, mtoto, upite. "Mimi mzima kabisa."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Hairuhusiwi kukaa kitandani kwa mgonjwa. Hilo nalo lina alama yake.

"Mama, acha kuigiza kidogo. Nataka kumwuliza fundi cherehani, siyo mgonjwa wa mtihani."

Mtahini akainua kichwa. "Mwanafunzi. Sheria unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Ukiendelea ni sifuri."

Niliiona sare yangu nyeupe ikitundikwa kwenye msumari wa karakana ya kaka. Niliyaona na masizi yake.

"Sawa," nikasema. "Mama, wiki hii umesikia nini mwilini? Chochote."

Akamtazama mtahini, akanitazama mimi. Uso wa kuigiza ukamtoka polepole, na nyuma yake akatokea mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, amechoka, ana umri zaidi.

"Uchovu tu," akasema. "Ngazi za dobi zimekuwa ndefu. Na Jumanne sindano ilinitoka."

"Ilikutokaje?"

"Mkono huu wa kulia ulikuwa kama si wangu. Uzi hauingii, sindano siisikii vidoleni. Nikataka kumwita mwenzangu, maneno yakaja nusunusu. Nikaukalia mkono, nikaupigapiga. Baada ya nusu saa ukarudi, nikajicheka." Akacheka kweli, kidogo. "Miaka kumi na moja naigiza, mwanangu. Nilidhani mwili nao umejifunza."

Nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Basi haiwezi kuwa sabini na sita! Hata kidogo haiwezi kuwa sabini na sita!"

Mtahini alisimama taratibu, karatasi ikamteleza gotini.

"Nani," akauliza, "alikwambia ni sabini na sita?"

Jamani. Kuna kimya cha moyo na kuna kimya cha mtu aliyejifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Nilivijua vyote viwili ndani ya dakika kumi. Nilikuwa nimekosa kwa kuvunja sheria, na sasa nimejitangaza mwizi, na mama wa watu bado amekaa kitandani na moyo wa mvua ya bati.

Nikafungua mlango. Bibi Dakika alikuwa kwenye korido na kengele mkononi, kwa sababu walimu hawaruhusiwi kutahini wanafunzi wao. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kupiga kengele tu.

"Mwalimu, naomba mtu wa pili wa kuhesabu."

Hakuniuliza kuhesabu nini. Alimtazama mtahini juu ya bega langu. Mtahini akawa kama anataka kusema hapana, kisha akasogea kando, akampisha.

Bibi Dakika akafungua pini, akaiweka saa yake juu ya shuka ili tuione wote wawili. Yeye akashika mkono, mimi nikashika kifua. "Sasa," akasema. Tukahesabu. Sijui niwaelezeje dakika ile. Nje vituo vyote vilikuwa vinasubiri kengele, na kengele ilikuwa imelala sakafuni. Watu walisimama mbele ya milango yao. Mama Magonjwa alifumba macho. Mkono wake mwingine ulitafuta kitu cha kushika ukapata ukosi wa koti langu.

"Mimi nina themanini na saba," Bibi Dakika akasema. "Wewe?"

"Mia moja na ishirini na moja."

Akafunga macho, akatoa namba yake kwenye yangu. "Thelathini na nne hazikufika." Halafu akaniangalia, na huo ndio mtazamo ninaoushukuru mpaka leo, maana haukuwa wa sifa. Ulikuwa wa mtu anayemtazama mwenzake wa kazi. "Umeuliza kuhusu mikono na maneno?"

"Jumanne. Wa kulia. Nusu saa. Maneno yalikatika."

"Kamwite daktari. Kimbia."

Nilikimbia. Daktari akaja, mashine ya kuchora mapigo ikaja na nyaya zake, karatasi ikatoka na milima isiyofanana, na Mama Magonjwa akasukumwa wodini na gauni lake la kuigizia. Daktari alimweleza taratibu, mimi nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda: "Jumanne kiharusi kilikupigia hodi, mama. Kikaondoka. Huwa kinarudi, na kikirudi hakipigi hodi tena."

Akaanza dawa siku hiyohiyo. Bado anazimeza, na bado anashona.

Mimi je? Siku mbili baadaye niliitwa mbele ya kamati. Watu watatu, meza ndefu, chupa ya maji ambayo hakuna aliyeinywa. Mtahini mgeni alisema ukweli wake kwanza, na kwa hilo namheshimu: sabini na sita ilipimwa mwanzo wa muhula, ikaandikwa kwenye karatasi ya majibu, na asubuhi ya mtihani hakuna aliyerudia kumpima. Yeye mwenyewe hakumgusa. Kisha wakanigeukia. Nilijuaje jibu?

Nilitoa simu yangu, nikaifungua mahali penyewe, nikaisukuma katikati ya meza. Kidole gumba changu kilikuwa palepale, cha njano, kimechanua chini ya ujumbe.

"Nilisoma," nikasema. "Nilikuwa nimeshaisoma kabla ya kuingia."

Walinitoa nje saa nzima. Waliponirudisha, walisema mtihani wote umefutwa, tutarudia sote na wagonjwa wapya, na kila aliyesoma ule ujumbe ataandikiwa onyo, nami nimo. Hivyo ndivyo nilivyopona, mkitaka kujua: sifuri yangu ilifutwa pamoja na mia zao. Wiki tatu hakuna aliyenisalimia. Nilikula peke yangu kama mgonjwa wa kutengwa. Tukarudia. Nikapita, si kwa kishindo, nikapita tu. Mama aliiweka karatasi ya matokeo chini ya pasi ili inyooke, kaka akauza koleo langu na hajaacha kunilalamikia.

Nilimfuata Bibi Dakika kumshukuru. Nilikuwa nimejipanga, nina hotuba nzima kwenye simu. Akanikatiza kwenye sentensi ya pili.

"Unajua mimi nilihesabu kwa robo miaka mingapi? Sita."

"Ukaachaje, mwalimu?"

"Kuna mgonjwa aliniachisha." Akabana saa yake kifuani. Nikaelewa kwamba ule ukali niliouchukia miezi mitatu ulikuwa zawadi aliyoinunua kwa bei ambayo hatanitajia.

Na Redio. Redio alikuja wiki ya nne, akaketi mbele yangu na sahani yake. Walikuwa wamemvua uongozi. Nilisubiri matusi, maana kwa kweli nilistahili machache.

"Umeniua, kaka," akasema.

"Pole."

Akakoroga chakula muda mrefu. "Mimi niliusikia."

"Ulisikia nini?"

"Moyo wake, ukiruka. Nilipomshika. Niliusikia ukiruka, nikadhani ni vidole vyangu. Walionitangulia walikuwa wamechungulia sabini na sita kwenye karatasi ya mtahini, nami nikaiona palepale. Nikaandika, nikatoka, nikawatumia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimtembelea jana wodini. Nikamshika dakika nzima. Akaniuliza kama nimetoka kuuza samaki."

Tukacheka, tukamaliza kula.

Leo nina beji yangu na wodi yangu, na wenzangu wananitania kwamba mimi ndiye nesi anayeshika mikono ya wagonjwa kama mchumba. Wacha waseme. Watu wanaposikia kisa hiki huniita shujaa, na mimi huwa nakumbuka karatasi ile, iliyoko kwenye faili la chuo mpaka kesho, yenye saba yangu peke yake. Niliiandika kwa mkono wangu. Ule ukimya ungechelewa nusu sekunde, sita nayo ingekuwepo, na mama yule angeteremka kitandani, anikonyeze, arudi kwenye cherehani yake.

Basi niwaulize, na mnijibu kwa ukweli, maana hapa hakuna mtahini. Umebakiwa na nafasi moja tu maishani. Jibu unalo, kila mtu kaliandika, mwenye mkono mwenyewe anakusihi uandike upite. Vidole vyako vinakuambia vingine, na vidole vyako vimewahi kudanganya. Saba umeshaiandika. Wewe ungefanya nini?